Mfoko wa Pili

Bomba kuu limepasuka Ubungo, usiku wa Jumanne,
maji yanafoka hadi usawa wa taa za barabarani.
Watu wamekuja na ndoo, na madumu, na beseni la kuogeshea mtoto.
Mimi nimekuja na daftari.

Usinicheke. Mwaka wa tatu huu naandika juu ya jambo hili:
kitu kilichobanwa mahali pembamba
kinavyojifunza kwenda mbali.

Kule Mlimani, katika chumba chenye feni inayokoroma,
kompyuta inanichorea galaksi
isiyo na jina, ila namba ndefu kama ya Luku.
Katikati pana shimo jeusi,
zito kuliko jua mara milioni mia nane.
Watu hudhani shimo humeza kila kitu.
Wapi! Linakula kama mgeni mwenye haraka,
nusu ya chakula inabaki mkekani.
Gesi inazunguka, inazunguka, inashika moto,
nyuzi za sumaku zinasokotwa kama ukindu,
na kile kilichokwepa mlangoni
(kilichokwisha kuingia hakina marejeo)
kinarushwa huku na huku, mifoko miwili,
kwa mwendo unaoukaribia ule wa nuru,
hadi nje kabisa ya galaksi iliyoizaa.

Profesa Lutengano akasimama nyuma yangu na kikombe cha tangawizi.
"Unasema miwili. Mimi naona mmoja."
Alikuwa ananipima; jibu analijua tangu mimi niko shule ya msingi.
"Ipo miwili," nikasema. "Huu unakuja kwetu.
Kinachokimbia hivyo huikusanya nuru yake
na kuimwaga mbele, kama tochi, si kama kibatari.
Ule mwingine unakwenda zake.
Nuru yake inatazama huko unakokwenda.
Nguvu ni zile zile. Sisi ndio tuliobaki kisogoni."

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimejisikia.

Nyangoma alinitangulia duniani kwa dakika kumi na moja.
Sinza, kitanda cha futi tatu na nusu,
tulilala mzungu wa nne miaka kumi na tatu,
nyayo zake shavuni mwangu, zangu mgongoni mwake.
Siku aliyofoka, sahani ya senene ilikuwa bado mezani.
Alisema yote: nyumba, dawa za mama,
nani huulizwa na nani huambiwa tu.
Kisha akafunga mlango taratibu. Hakuubamiza.
Hilo ndilo lililotutisha.

Sasa kwenye kila harusi shangazi Koku ananishika mkono:
"Huyu ndiye wa chuo, anang'aa!
Na mwenzio? Tunasikia amefifia."
Nami huitikia. Miaka minne naitikia.
Nani angemweleza shangazi
kwamba mng'ao wangu ni pembe tu niliyotazamwa?

Na bado kuna hili, sijaliandika kwenye tasnifu
kwa sababu linajulikana na wote:
mbali sana, mifoko huchoka.
Inagonga gesi baridi ya nje, inapunguza mwendo,
inavimba kuwa mawingu mapana kuliko galaksi yenyewe.
Hapo hakuna tena wa mbele wala wa nyuma.
Mawingu mawili yanaonekana,
karibu sawa kwa sawa.

Saa saba usiku mafundi wamefika, wamefunga koki.
Mfoko umekatika ghafla, na watu wakaguna
kama waliozimiwa runinga.
Fundi mmoja akashuka na tochi kwenye tope, akakaa sana.
"Chini napo palikuwa na ufa," akasema.
Lami imebaki ganda tu; chini yake
pamechimbika shimo la kumeza gari.
"Tangu lini?"
"Nani ajuaye, dada. Huu wa juu ndio uliotuita."

Nikapiga magoti ukingoni, nikamulika na simu,
simu ile ile yenye namba yake.
Maji bado yalikuwa yanakwenda.